Somo la Redio: Kuwapelekea Wateja Ujumbe wa Simu kwa Pamoja

Kama unayo karatasi hii mkononi, fuata maneno kwa kidole, polepole. Kama huna, sikiliza tu, na mwenzio atakusomea baadaye. Shika kalamu, maana leo tutahesabu herufi.

Leo twazungumza juu ya mwenye duka anayetaka kuwapelekea wateja wake habari kwa simu, wote kwa mara moja. Tuchukue mfano wa bibi mmoja anayeuza kanga Mchangani, hapa Mji Mkongwe. Ni mtu wa mfano tu, usende kumtafuta. Daftari lake lina namba za wateja 500. Sikukuu ya Idi yakaribia, na mzigo wa kanga mpya umeshuka. Akimwandikia kila mteja kwa kidole chake mwenyewe, Idi itampita yumo katika kuandika. Afanyeje?

Zamani kazi hii ilikuwa ya mpiga mbiu. Alipita mitaani na pembe yake, watu wakatoka nje, habari ikasemwa mara moja, basi. Siku hizi ipo kazi ya namna hiyo katika simu. Kuna makampuni ambayo hupokea ujumbe mmoja kutoka kwako, pamoja na orodha ya namba, nayo huupeleka kwa watu wote hao kwa dakika chache. Kampuni ya namna hii tutaiita mtoaji. Andika neno hilo: m-to-a-ji. Miongoni mwa watoaji wanaofanya kazi Tanzania wamo Beem ya Dar es Salaam, ambayo zamani iliitwa Bongo Live, na Africa's Talking iliyoanzia Nairobi. Wako na wengine, nawe uliza bei kwa wawili watatu kabla hujalipa.

Watu wa kompyuta husema kwamba mtoaji huyu yuko «winguni». Usitazame juu. Maana yake ni kwamba huna haja ya kununua mashine na kuiweka dukani. Mashine ziko mbali, katika majumba makubwa yenye umeme usiku na mchana, nawe wazifikia kwa intaneti. Jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja, na mtu aliyesimama Shangani aliweza kupeleka habari mpaka Ulaya bila ya kuona mashine za upande wa pili. Nyumba ya kampuni ya waya huo ingalipo Shangani. Sasa ni sehemu ya hoteli ya Serena.

Katika simu za waya ule watu walilipa kwa neno, kwa hiyo walijifunza kusema kwa ufupi. Na ujumbe wa simu ya mkononi una kipimo chake vilevile: ujumbe mmoja ni herufi 160. Kwa nini 160? Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake katika mji wa Bonn mbele ya mashine ya taipu. Akapiga sentensi za kila namna, akahesabu herufi zake. Akaona kwamba karibu zote hazipiti 160. Akaona tena kwamba hata kadi za posta, watu hawajazi maneno mengi zaidi ya hayo. Basi kipimo kikakaa hapo. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Krismasi.

Haya, turudi Mchangani. Bibi yetu ameandika hivi:

«Kanga mpya za Idi zimefika. Doti moja shilingi 15,000. Duka lipo wazi mpaka saa 4 usiku. Hutaki tena ujumbe wetu? Tuambie kwa simu ya duka.»

Hesabu. Kila herufi ni moja, kila tarakimu ni moja, kila kituo ni kimoja, na kila nafasi iliyo wazi kati ya maneno nayo ni moja. Wengi husahau nafasi. Ukihesabu vizuri utapata 139. Mwishoni ataacha nafasi moja na kutia namba ya simu ya duka, tarakimu 10. Jumla ni 150. Ujumbe umeenea ndani ya mmoja, na herufi 10 zimebaki.

Sasa mtoto wake aja, asema: «Mama, tia picha ya ua mwishoni, ipendeze.» Ua moja dogo, na hapo ndipo pesa hupotea. Mashine za simu zina orodha ya herufi zinazozijua kwa njia nyepesi: a mpaka z, tarakimu, vituo vya kawaida. Likiingia jambo moja tu lisilokuwamo katika orodha hiyo, kama picha ya ua au herufi ya Kiarabu, ujumbe wote huandikwa kwa njia nyingine, nzito, ambayo kipimo chake ni herufi 70 tu. Na ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande huchukua 67, kwa sababu mahali padogo hutumika kuandika kipande hiki ni cha ngapi. Ua lenyewe huhesabiwa 2. Basi 150 na 2 ni 152. Gawanya kwa 67, utapata vipande vitatu. Mteja ataona ujumbe mmoja, lakini mtoaji atatoza tatu. Tuseme, kwa mfano tu, ujumbe mmoja ni shilingi 20. Wateja 500 bila ua ni shilingi 10,000. Pamoja na ua ni shilingi 30,000. Ua limekula shilingi 20,000.

Sisi wa Unguja tuna mtego mwingine wa namna hii, nao umo katika neno Ng'ambo. Kile kijialama cha juu baada ya ng huitwa ritifaa. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha nyepesi. Lakini kompyuta nyingi, na baadhi ya simu, huigeuza zenyewe ikawa imepinda kama koma ndogo, na hiyo iliyopinda haimo. Kwa hiyo ukiandika «Duka la Ng'ambo» kwa ritifaa iliyopinda, umeshalipa kama aliyetia ua, wala hukupata ua. Watoaji wengi huonyesha hesabu ya herufi na vipande chini ya mahali pa kuandikia. Itazame hesabu hiyo kabla hujabonyeza. Ikiruka ghafula, kuna kitu kimeingia.

Sasa tuone namna ya kuanza. Utafungua akaunti kwa mtoaji, kwa kompyuta au kwa simu yenye intaneti. Utanunua salio kwanza, kama ununuavyo muda wa maongezi. Kisha utaomba jina la mtumaji. Hili ni jina litakaloonekana juu ya ujumbe mahali pa namba, na wateja watakujua kwalo. Haliwezi kupita herufi 11. «DUKA LA KANGA» ni 13 pamoja na nafasi, halifai. «DUKALAKANGA» ni 11 kamili, lafaa. Jina halitolewi ovyo. Mtoaji huliombea kwa makampuni ya simu, na atataka hati za kuonyesha kwamba duka ni lako, kama vile cheti cha usajili na leseni ya biashara. Kwa hiyo usingoje mkesha wa Idi ndipo uanze.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa jina? Kwa sababu ya matapeli. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa «ile pesa itume kwa namba hii»? Watu wamelizwa kwa maneno hayo, hata serikali, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, imeweka namba 15040 ya kuwaripoti matapeli hao. Baada ya mambo kama hayo, ujumbe kutoka namba asiyoijua mteja huufuta bila ya kusoma. Jina lililosajiliwa hufungua mlango. Lakini lina kasoro moja: ujumbe uliokuja kwa jina haujibiki. Mteja akibonyeza «jibu», jibu halifiki kokote. Ndiyo sababu bibi yetu ametia namba ya simu ya duka. Wako wanaoandika «jibu ACHA» chini ya ujumbe usiojibika. Huko ni kumwambia mgeni apige hodi katika ukuta.

Namba za wateja ziandikwe kwa namna moja: ondoa sifuri ya mwanzo, weka 255. Inayoanza 0777 itaanza 255777. Wala usijisumbue kuzipanga kwa makampuni ya simu kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 mtu aweza kuhama kampuni na namba yake, kwa hiyo namba haikuambii tena yuko wapi. Mtoaji atajua mwenyewe.

Sasa lile ninaloliona kubwa kuliko ua na ritifaa. Zile namba 500 zilipatikanaje? Mteja aliyekuachia namba ili umwarifu kanga yake ikifika, amekupa namba kwa jambo hilo. Aliyekulipa kwa simu, namba yake ikabaki katika simu yako, hakukupa ruhusa ya kumtangazia. Na orodha ya kununua kwa mtu barazani, hiyo usiiguse. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Akikataa, mwache. Lakini hata bila ya sheria, wewe wajua mtu anavyoudhika kwa hodi za asiyemwalika. Dukani weka daftari na umwulize mteja: «Tukuarifu mzigo mpya ukifika?» Akisema ndiyo, aandike namba yake kwa mkono wake, nawe uandike tarehe. Ikibaki 200 katika 500, hao 200 ndio wateja wako, na gharama imepungua.

Kabla ya kupeleka kwa wote, jipelekee mwenyewe kwanza, na kwa jamaa wawili wenye simu za makampuni mengine, mmoja wao awe na simu ndogo ya vibonyezo. Soma bei. Soma siku. Sifuri moja ikizidi au ikipungua, ujumbe uliokwisha kwenda hauitiki ukarudi.

Chagua saa. Ijumaa wakati wa sala, sivyo. Usiku wa manane, sivyo kabisa. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe watu hutoka na mji huchangamka. Saa hiyo yafaa.

Baadaye mtoaji atakuonyesha taarifa: ujumbe gani umefika, upi wangoja, upi umeshindwa. Unaongoja ni wa mtu aliyezima simu; kampuni ya simu huushika kwa muda, halafu huutupa. Kwa hiyo usiandike «leo tu», maana huenda ukasomwa kesho. Andika tarehe.

Tena akaunti ina nywila, na mwenye kuiunganisha na kompyuta ya duka hupewa pia funguo za siri, ambazo ni mstari mrefu wa herufi. Mwenye funguo hizo aweza kutumia salio lako, na kibaya zaidi, aweza kusema kwa jina lako. Kijana anayekusaidia akiondoka, badilisha.

Na duka lenye wateja 30? Kwa maoni yangu halina haja ya mtoaji. Simu yako na nusu saa ya jioni vyatosha, na mteja atafurahi kuona umemtaja jina.

Sasa zoezi. Mwenye gari ya abiria ya Makunduchi ataka kuwaarifu abiria wake kwamba siku ya Mwaka Kogwa gari ya kwanza itaondoka mjini saa 12 asubuhi. Ametaka jina la mtumaji liwe «BASI MAKUNDUCHI». Hesabu herufi, ulifupishe likae ndani ya 11. Kisha mwandikie ujumbe usiopita herufi 160, wenye tarehe, saa, mahali na nauli. Tutasahihisha juma lijalo.