Hedifoni Ifaayo kwa Kazi ya Nyumbani

Binti yetu hupokea simu za wateja akiwa nyumbani, na nusura aikose kazi hiyo kwa ajili ya kelele. Tulimnunulia hedifoni iliyoandikwa kwamba huzuia kelele. Kumbe ilimzuilia yeye tu, na mteja akaendelea kusikia kinu cha jirani, hata na kuku wetu. Kimfaacho aliye upande wa pili ni maiki yenye mkono, ikae pembeni mwa mdomo, umbali wa vidole viwili, isipigwe na pumzi. Mwenye mtoto mchanga na achague ya sikio moja, apate kusikia kilio, na adhana pia. Sauti nayo isizidi: Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Sisi twapendelea ya waya. Haimwishii mtu chaji mteja angali analalamika.