Gurudumu la nyuma limeibiwa: mambo ya kupima mbele ya kutoa pesa

Mwizi akichukua gurudumu la mbele la kinga, anaenda na janti, mpira na kitovu chake, basi. Akichukua la nyuma, hasara iko kubwa zaidi, juu meno ya gia nayo yanaenda. Kama kinga inatumia breki ya diski, diski inaenda pia. Mwenye kinga anabakia na sheni inaning'inia.

Kwa mtu anayebeba maziwa, makaa ao mihogo, kila siku kinga inalala ni siku bila mapato. Ndiyo maana wengi wanakimbilia soko na kununua gurudumu la kwanza wanaloona, kisha wanakuta haliingii, ao linaingia lakini gia hazishiki. Kwa kinga za VTT, kuna vitu vinne vya kuhakikisha mbele ya kununua.

Ukubwa

Jibu liko kwenye gurudumu la mbele ambalo mwizi ameacha. Pembeni ya mpira kuna namba kama 26 x 1.95, na mara nyingi namba ingine kama 50-559. Ile 559 ndiyo ya kufuata: ni kipimo, kwa milimita, cha pahali mpira unakaa juu ya janti. VTT za 26 ziko na 559, za 27.5 ziko na 584, za 29 ziko na 622. Baiskeli kubwa za mizigo za 28 x 1½ ziko na 635, kwa hiyo janti yake haiwezi kusaidia VTT hata kidogo.

Upana

Rula inawekwa katikati ya masikio mawili ya chuma pahali ekseli inaingia, upande wa ndani. VTT nyingi za zamani ziko na milimita 135. Baiskeli za mbio za zamani ziko na 130 ao 126. VTT mpya za ekseli nene ya kupenyeza ziko na 142 ao 148. Fundi akisema atapanua fremu kwa nguvu, aulizwe kwanza ni ya nini: chuma kinavumilia kidogo, lakini aluminiamu inaweza kupasuka, na fremu ikipasuka hasara inazidi ile ya gurudumu.

Breki

Breki za mipira zinashika pembeni ya janti, basi zinaomba janti yenye ubavu laini. Breki ya diski inaomba kitovu chenye pahali pa kufungia diski, mara nyingi matundu sita ya visi. Diski nayo iko na saizi, kama milimita 160 ao 180, na lazima ilingane na ile iliyoibiwa. Kama breki ni ya mafuta, mtu asikamate mkono wa breki wakati diski haiko: vibao vinasogeleana na diski mpya inakataa kuingia.

Meno ya gia

Hesabu inafanywa kwenye mkono wa gia wa kuume. Kama unaenda mpaka 7, meno ya nyuma yawe mapande 7. Ya 8 kwa mkono wa 7 haitapanga vizuri. Tena kuna aina mbili: rulibre, inayofungwa kwa kuzungushwa juu ya kitovu kama kifuniko cha chupa, na kaseti, inayoteleza juu ya kitovu chenye mifereji. Hazibadilishani, kitovu ndicho kinaamua. Kwa hiyo ni vizuri kununua gurudumu pamoja na meno yake, ao kwenda sokoni na kitovu mkononi.

Sheni ya zamani, meno mapya

Hapa ndipo pesa inapotea mara ya pili. Sheni iliyotumika miaka inarefuka, na juu ya meno mapya inaruka wakati wa kupanda mulima. Inapimwa kwa rula: kutoka pini moja mpaka pini ya 24 inayofuata, sheni mpya iko na milimita 305 hivi. Ikifika 307 ao 308, ibadilishwe pamoja na meno.

Kufunga

Sheni inawekwa kwenye jino dogo kabisa, ekseli inaingia mpaka mwisho pande zote mbili, kisha inakazwa. Fundi aguse nyaya za gurudumu moja moja: iliyolegea inajulikana kwa vidole. Aangalie pia kama kile chuma kinachobeba dereyeri hakikupinda, juu mwizi anavuta haraka. Ikiwa kimepinda, dereyeri inaweza kuingia ndani ya nyaya kwenye jino kubwa na kuvunja gurudumu jipya siku ya kwanza. Visi viwili vya mpaka kwenye dereyeri vinapangwa mbele ya mwenye kinga kuondoka.

Gurudumu la okazio

Bei ikiwa ya chini kuliko kawaida, na muuzaji hajui lilitoka kwa kinga gani, kuna uwezekano nalo ni la mtu aliyeibiwa. Kununua kitu cha wizi kwa kujua ni kosa mbele ya sheria. Kartasi yenye jina la muuzaji na tarehe inamkinga mnunuzi. Aliyeibiwa naye apitie kwa makwado wa kartie mapema, juu gurudumu la wizi mara nyingi linapita mikononi mwao, na amjulishe shefu wa kartie na polisi.

Lisiibiwe tena

Ekseli ya kufungua kwa mkono inamsaidia mwizi kuliko fundi. Ibadilishwe na ya boliti inayoomba ufunguo. Na kama kuna kufuli moja tu, mnyororo wake upite ndani ya gurudumu la nyuma na ndani ya fremu pamoja, kisha kwenye nguzo. La mbele likienda, angalau meno na sheni vinabakia.