Kazi Ndefu za Jikoni Wakati wa Kipwe

Kipwe kikiingia, jiko hubadili tabia yake. Katika mji wa Lubumbashi, uliojengwa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi, usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto huweza kushuka chini ya digrii 10. Katika milima ya Kivu nako, jioni za kiangazi huwafanya watoto wasogee karibu na mafiga bila kuitwa. Hizo ndizo siku za vyakula vinavyotaka muda: maharagi yachemkayo polepole, sombe itwangwayo kinuni, mihogo iloweshwayo, kuanikwa na kusagwa. Kazi hizi huchosha mikono, lakini mwenye kutwanga hupata joto kabla ya mwenye kula.

Je, muda huo wote ni wa nini? Vijana wengine hudhani ya kuwa ni desturi tu ya mabibi zetu, ambao hawakuwa na haraka. Sivyo. Katika vyakula hivi muda ni kiungo kama chumvi ilivyo kiungo, tena ukipunguzwa, madhara yake ni makubwa kuliko mchuzi kukosa ladha.

Tuangalie muhogo. Mmea huu ulitoka Brazil, nao Wareno waliuleta katika pwani ya Kongo katika karne ya 16. Muhogo mchungu unapendwa na wakulima kwa kuwa wanyama waharibifu hawauli ovyo. Lakini ndani yake mna kitu ambacho, mzizi ukipondwa au ukilainika, hugeuka kuwa sumu kali, nayo sumu hiyo hupotea majini na hewani. Ndiyo maana mama humenya, hulowesha siku tatu, huanika juani, ndipo husaga. Kila hatua huitoa sehemu ya sumu. Kuchemsha mzizi mzima peke yake hakutoshi.

Hapa baridi inatutega. Mihogo hulainishwa majini na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupenda joto. Maji yakiwa baridi, kazi yao hupungua. Mihogo iliyokuwa tayari kwa siku tatu wakati wa joto, huenda ikataka siku nne au zaidi wakati wa kipwe. Basi, mama asihesabu siku tu, bali aijaribu kwa vidole: ikiwa mzizi wapondeka kwa urahisi, na uzi mgumu wa katikati wachomoka wenyewe, kazi imekwisha. Ikiwa bado ni mgumu, urudi majini.

Anayeona kwamba maneno haya ni ya kutisha bure, na asikie habari ya konzo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa huo katika nchi ya Kwango. Jina lake, katika lugha ya Wayaka, lamaanisha miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka, na miguu yake yote miwili imekakamaa. Ugonjwa hauzidi baadaye, lakini wala hauponi. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, tena hasa wakati wa kiangazi, penye mihogo michungu mingi na nyama, samaki au maharagi machache.

Mwaka 1992 wataalamu walieleza jambo la kusikitisha kutoka Bandundu. Mihogo ilipotakiwa sana sokoni, watu walipunguza siku za kuilowesha, kutoka tatu hata moja. Waliuza upesi, na miguu ya watoto ikalipa. Wala si huko tu: mwaka 2011 iliandikwa habari ya konzo katika Burhinyi, milimani Kivu ya Kusini, nchi iliyosumbuliwa na vita na njaa.

Lakini kuna habari njema pia. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, alionyesha njia nyepesi ya kusafisha unga ambao tayari umesagwa. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa juu ya ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sumu iliyobaki itoke hewani. Kisha hupikwa bukari siku ile ile. Mwaka 2010 njia hii ilianza kufundishwa katika kijiji cha Kay Kalenda, Bandundu, na katika muda wa kazi hiyo hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo.

Sombe nayo ni jani la mti ule ule. Itwangwe mpaka iwe laini kabisa, kwani jani lisilopondwa huficha sumu yake. Kisha ichemke muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Mawese na vitunguu vifuate baadaye, pamoja na karanga au samaki mkavu, maana chakula chenye kujenga mwili huusaidia kupigana na mabaki ya sumu. Maharagi yalale majini usiku kucha, na maji yale yamwagwe: yataiva mapema, na makala yatapungua.

Neno moja juu ya moto. Sufuria ikikaa jikoni hata usiku, na baridi ikiuma, watu huvutwa kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Wasifanye hivyo kamwe. Makala yakiwaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mbabula ikae nje, au mahali penye hewa ya kutosha. Chumbani yatosha blanketi.

Mwishowe, enyi wababa, kazi hizi si za mama peke yake. Mihogo ikikaa majini siku nne badala ya moja, ni ndoo ngapi za kuchota? Sombe ya watu kumi ni mapigo mangapi ya mchi? Mama aliyeachwa peke yake atalazimika kufupisha, si kwa uvivu, bali kwa kuchoka. Bwana akichota maji, na kijana akitwanga, hakuna atakayehitaji kuiba siku za muhogo. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwulize mama wa nyumba yako: mihogo yetu ina siku ngapi majini?