Kodi Ndogo, Matumizi Makubwa: Hesabu ya Chumba Kimoja Kabiro

Kijana wa pwani anapoaga kwenda bara kutafuta riziki, jambo la kwanza ambalo wazazi hutaka kulijua ni kodi ya nyumba. Wakiambiwa kwamba amepata chumba cha bei nafuu Nairobi, nyoyo zao hutulia. Lakini, ndugu msomaji, kodi ni mlango tu wa hesabu; gharama zenyewe zimo ndani.

Tuitazame Kabiro, wadi iliyoko Kawangware, magharibi mwa jiji. Ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, na miongoni mwa wadi wenzake zimo Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya watu wenye nafasi. Ujirani huo ndio unaowavuta wapangaji. Mlinzi, mtunza bustani na mfanyakazi wa nyumbani huamka alfajiri, wakashika njia kwa miguu hadi Lavington, na nauli ikabaki mfukoni. Yakini, mpangaji wa Kabiro hukubali dhiki ya nafasi ili apate ukaribu wa kazi. Chumba kimoja, aghalabu cha mabati, chenye futi kumi kwa kumi au zaidi kidogo, ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho malazi. Shuka au leso hutundikwa katikati kuwatenga watoto na wazazi wao. Choo na bafu ni vya ploti nzima. Kibera nako hali ni iyo hiyo.

Maisha ya kubanana si ya kwetu pekee. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, baadhi ya Wamarekani wa makamo na wazee waliacha nyumba wakahamia katika magari, wakilala humo na kufuata vibarua vya msimu. Mwandishi Jessica Bruder aliwaeleza katika kitabu chake Nomadland cha 2017. Kuacha nyumba kuliwaondolea kodi, lakini hakukuwaondolea haja ya maji, ya moto wa kupikia wala ya choo. Haja hizo hizo ndizo zinazompima mpangaji wa Kabiro.

Tuanze na maji. Tuseme mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 5. Bei hiyo yaonekana ndogo. Hata hivyo, lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Naye mwenye mfereji na mita nyumbani hulipa chini ya nusu ya fedha hizo kwa maji kiasi kile kile. Maji yakiadimika, bei ya mtungi hupanda maradufu na zaidi. Familia ya watu wanne inayotumia mitungi mitano kwa siku huwa na lita 25 kwa kila mtu: za kupikia, kunywa, kuoga, kufua, kuosha vyombo na kutia udhu mara tano. Shirika la Afya Duniani lasema mtu huhitaji lita 50 hadi 100 kwa siku.

Chakula nacho hufuata mkondo huo. Dukani mafuta hupimwa kwa kikombe, sukari hufungwa katika vifuko vidogo, na watu wa Nairobi wameyapa maisha hayo jina la kadogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa ni kweli, ila kibaba kinachojaa ni cha muuzaji. Kila kipimo kidogo kina faida yake ndani, na anayenunua mara thelathini kwa mwezi huilipa faida hiyo mara thelathini.

Moto ndio mtihani mkubwa zaidi. Septemba 2018 serikali ilitoza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kosa lilikuwa la wachanganyaji, lakini mwenye stovu ndogo chumbani naye akalipishwa. Baadhi hukimbilia mkaa, na mkaa ukiachwa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hupunguza hatari hiyo ya moshi, na hudumu. Lakini wataka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na kibarua hulipwa kwa siku.

Hapo ndipo penye fundo. Mkazi wa Kabiro hanunui kidogo kidogo kwa kutojua hesabu. Anaijua kuliko sisi. Anachokosa ni mtaji wa kuanzia. Ndiyo maana wapangaji wenye busara huunda chama: majirani watatu wakanunua gunia la unga pamoja, au wakachangiana kwa zamu hadi kila mmoja akapata mtungi wake wa gesi na pipa la kuhifadhi maji.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na ya maji safi ya kutosha. Haki hiyo ni deni, na wenye mamlaka wanastahili kukumbushwa. Lakini mwana wetu hawezi kupika kwa deni.

Basi, wazazi wenzetu, mnapomfungia kijana safari, msiishie kwenye kodi ya mwezi wa kwanza. Mpeni mtungi wa gesi, mitungi mitatu ya maji yenye vifuniko, unga na mafuta ya kumtosha mwezi mmoja. Gharama hiyo itauma siku moja. Kumtumia fedha za kumwokoa kwa simu kila mwisho wa mwezi kutauma mwaka mzima. Na mwambieni ajuane na majirani zake mapema, kwani katika ploti ya chumba kimoja kimoja, jirani mwaminifu ni nusu ya akiba.