Ziara ya Minago na Rumonge: Mwalimu wa Kiswahili Aoneshe Nini?

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwatoa wanafunzi darasani aghalabu hufikiria Bagamoyo au Lamu, ambako nauli peke yake humaliza fedha za ziara. Kwa sisi tulio karibu na Ziwa Tanganyika, barabara itokayo Bujumbura kwenda kusini, kupitia Minago hadi Rumonge, inafundisha mengi kuhusu jinsi lugha hii ilivyofika bara. Ila mengi ya hayo huwezi kuyasoma kwenye jiwe.

Jiwe lipo, tena ni maarufu: lile la Mugere, kama kilometa 10 kutoka Bujumbura, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25-XI-1871. Wageni wengi huondoka wakiamini kuwa hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji majuma machache kabla. Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa safarini kwa mtumbwi kuuchunguza Mto Rusizi. Wakathibitisha kuwa mto ule unaingia ziwani, hautoki, hivyo hauwezi kuwa chanzo cha Mto Nile. Majina ya Selim mkalimani, Ferajji mpishi, na wapiga makasia hayamo jiweni. Msafara ule ulisemeshana kwa lugha gani? Swali hilo tu linatosha kuanzisha kipindi kizima cha isimujamii.

Rumonge ina historia nzito zaidi. Wamisionari wa Afrika walifika hapo mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu kati yao wakauawa. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kupenya Burundi akashindwa mbele ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa maoni yangu, kushindwa huko ndiko kunakoeleza vizuri zaidi ramani ya lugha tunayoiona leo: Kiswahili kilijikita katika ukanda wa chini wa ziwa, sokoni Rumonge na katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, na milimani kikaendelea kutawala Kirundi.

Minago iko kabla ya kufika Rumonge, na mimi ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Wapelekeni wanafunzi mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi inarudi. Samaki wadogo wanaoitwa dagaa kule Kigoma, hapa ni ndagala. Migebuka ya Kigoma hapa ni mukeke. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, majina mawili. Lakini chagueni siku za giza, kwani wavuvi wa ndagala hutumia taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika.

Kwa mapumziko kuna mchanga wa Resha, maji moto ya Mugara, na msitu wa Kigwena kusini ya Rumonge wenye nyani. Ulizeni kwanza hali ya ufuo, maana ziwa limepanda sana miaka hii. Mwaka 2024 maji yaliingia hadi majumbani Rumonge. Na msiogelee popote mpendapo. Viboko na mamba wapo kweli, hata ukiziweka kando hadithi za yule mamba aitwaye Gustave.

Liko jambo moja la kuwaandaa wanafunzi kabla ya safari. Dodoso zetu nyingi huanza na swali, "Ulihamia hapa lini?" Pengine swali hilo ni jepesi. Rumonge si jepesi hata kidogo. Machafuko ya 1972 yalianzia ukanda huu wa kusini, tarehe 29 Aprili. Mauaji yaliyofuata yaliwapoteza watu wengi sana, na wengine wakakimbilia Tanzania. Walioanza kurejea kwa wingi mwaka 2008 walikuta mashamba yao, ya michikichi na mengine, yamekaliwa. Kumuuliza mzee wa huko amefika lini ni sawa na kumuuliza shamba ni la nani. Lifuteni swali hilo. Anzeni na samaki: mzee atawaeleza mwenyewe jina la ndagala amelijulia wapi, na akipenda kuendelea ataendelea.