Huyu Naye Atatuzwa Nini?

Zawadi ni jambo zito katika malezi. Mtoto ambaye bado hajazijua herufi hujua kusoma mikono ya wazee wake: hutazama ni siku gani alipewa kitu, ni kitu gani, na kwa ajili ya tendo gani, na kwa hesabu hiyo hutambua ni jambo lipi ambalo nyumba yao inaliheshimu kupita mengine yote. Kwa sababu hiyo leo tunawaomba wasomaji wetu wa nchi kavu na wa visiwani, pamoja na ndugu zetu watumishi wa Serikali, tuziache kidogo habari za bei ya pamba na ya dagaa, tuzungumze juu ya vitabu vya watoto, zawadi zao, na mapambo ya chumba wanacholala. Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni mazungumzo ya watu wa mijini wenye nafasi. Hatukubaliani nao. Katika wilaya za Tarime na Serengeti jambo hili linaugusa mwili wa mtoto na maisha yake yote.

Wenyeji wa mkoa wa Mara wanafahamu vema tunalolisema. Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya majirani zao, msimu wa tohara huangukia mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa koo nyingi huwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wavulana hutahiriwa, na wako wasichana ambao hukeketwa. Njia hujaa nyimbo. Msichana aliyetoka kwa ngariba hutembezwa kwa shangwe, amefungwa kanga mpya, ameshikiwa mwavuli, huku jamaa wakimtuza fedha na zawadi nyinginezo. Kwa watoto wengi wa vijijini hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo ukoo mzima husimama kwa ajili yao.

Sheria imekwisha kusema. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Na utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha wanawake 28. Kupungua kupo, lakini ni kwa mwendo wa kobe. Hotuba na mabango humwambia mtoto aache nini. Ni mara chache humwambia atapewa nini badala yake.

Swali hilo tulilisikia katika kijiji kimoja wilayani Serengeti. Mama mmoja alikuwa ameshauriana na mumewe kwamba binti yao, aliyekuwa darasa la tano, asikeketwe. Habari ilipomfikia bibi mzaa baba, mama mtu mzima huyo alikuja nyumbani, akaketi, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Wenzake watafungwa kanga, watashikiwa miavuli, watatuzwa njia nzima. Huyu wa kwetu naye atatuzwa nini?" Mkwe hajibizani na mama mkwe wake, na mama yule hakujibu kitu. Lakini alilichukua swali lile kuwa ni swali la haki lenye kustahili jibu.

Aliuza mahindi debe mbili, akapanda gari kwenda Mugumu kutafuta zawadi. Alipita duka baada ya duka. Aliona wanasesere wa plastiki wenye nywele za rangi ya dhahabu, mabegi yenye picha za katuni za ng'ambo, maua ya karatasi na kalenda za ukutani. Katika duka la madaftari aliulizia vitabu vya hadithi, akaonyeshwa vitabu vya kiada. Alipong'ang'ania, mwenye duka aliinama chini ya meza akatoa vitabu vitatu vyembamba vya hadithi za Kiswahili, vyenye picha za sungura, fisi na kobe, vimejaa vumbi kwa kukosa mnunuzi. Mama yule alifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akavinunua vyote vitatu.

Chumba cha watoto nacho hakukisahau. Yeye na mwanawe mkubwa waliupaka ukuta udongo mweupe. Kutoka kwa fundi mwashi aliomba mifuko mitupu ya saruji, wakaikata karatasi zake safi za ndani, wakaandika juu yake irabu na silabi kwa wino wa rangi, na katikati wakaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa. Sanduku la mbao lililokuwa likiwekwa nyanya waliligongomea ukutani likawa rafu, na juu ya rafu wakaweka kibuyu kidogo cha nakshi, kazi ya mikono ya bibi mwenyewe. Vitabu vitatu vikasimamishwa kando ya kibuyu. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ile ya karamu ya siku moja.

Kisha bibi akaalikwa. Aliwekewa kiti mbele ya ukuta ule, jamaa wakaketi juu ya mkeka, na mtoto akasimama akasoma hadithi ya sungura tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alisikiliza kimya, akaomba ukurasa mmoja urudiwe. Hatukuambiwa kwamba siku hiyo bibi aliiacha mila yake. Tuliambiwa kwamba alifungua fundo la kanga yake, akatoa noti iliyokunjwa, akamtuza mjukuu wake. Wajomba nao wakaona haya kukaa bure, wakatoa.

Sisi tunaona kwamba katika fundo lile la kanga mna somo kubwa la siasa ya maendeleo. Wazee wa Tarime na Serengeti wanaijua thamani ya heshima, nao hutuza kile ambacho jamii yao imekubali kukiheshimu. Kazi iliyo mbele yetu ni kuihamisha heshima hiyo, nyimbo zake, mavazi yake na tuzo zake, iende mahali ambapo haimwagi damu ya mtoto wa kike. Jambo hili si geni kwa Waswahili. Katika vyuo vya Korani tulikosoma wengi wetu, mtoto aliyeuhitimu msahafu huvishwa nguo mpya, akatembezwa mtaani kwa kasida, akatuzwa na jamaa na majirani. Ndugu zetu Wakristo nao hufanya sherehe ya namna hiyo kwa watoto wao siku ya Komunyo ya Kwanza. Msafara upo, nyimbo zipo, tuzo zipo. Na aliyetuzwa amefikia hatua bila ya kuumizwa. Kule Masanga, wilayani Tarime, mlango huo umekwisha kufunguliwa: wasichana waliokimbilia kituoni wakati wa msimu hufundishwa, na mwishoni hufanyiwa sherehe ya kuhitimu. Nyumba Salama ya Mugumu nayo imewahifadhi wasichana walioyakimbia makwao. Lakini haifai mtoto alazimike kukimbia kwao ndipo apate kuheshimiwa. Sherehe hiyo iwafuate watoto majumbani.

Wala mtu asidhani kwamba kitabu ni mgeni katika mkoa wa Mara. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Na akiwa tayari amebeba mzigo wa uongozi wa nchi alikaa akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, na toleo lake la baadaye likaitwa Juliasi Kaizari. Kati ya miaka ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio ya elimu ya watu wazima inayofungamana na kazi, wakulima wakijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kilimo cha pamba yao wenyewe. Mjini Musoma, Novemba 1974, Chama kilipitisha azimio la kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hapa nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walikuwa wamepungua hadi chini ya 10. Mafanikio hayo yalipatikana kwa sababu mwananchi alipewa kitu cha kusoma kinachohusu maisha yake.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Irugwa na Rukuba, wana fungu lao katika habari hii. Ukerewe ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Ni hadithi ya mume na mke waliokuwa na hamu kubwa ya kupata mtoto. Ukerewe ndiko alikozaliwa pia Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilionyesha jinsi ukali usio na hekima wa mzazi unavyoweza kumharibia binti yake maisha. Kisiwa kilichozaa waandishi kama hao hakipaswi kuwa na watoto wasio na kitabu cha hadithi nyumbani. Na kama kitabu huchelewa kufika Mugumu kwa gari, huchelewa zaidi kufika kwa mtumbwi katika kambi za wavuvi, ambako watoto wengi huamka wakikuta baba bado yuko majini.

Kwa nini basi vitabu havifiki? Sababu kubwa ni ya biashara. Vitabu vya picha huchapishwa kwa gharama kubwa na kwa idadi ndogo, na mwenye duka katika mji mdogo huogopa kuufungia mtaji wake katika bidhaa asiyojua kama itauzika. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, nao ukabuni njia ya busara: katika nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, Mradi ulinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji akabaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Mchapishaji aliondolewa hofu ya hasara, na shule zikapata vitabu vya hadithi kwa Kiswahili. Njia hiyo inatufundisha kwamba soko la kitabu cha mtoto halizuki lenyewe. Lazima awepo mnunuzi wa kwanza mwenye uhakika.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yetu waziwazi. Kwanza, kwa wazazi: kila nyumba yenye mtoto iwe na rafu yake, hata kama ni sanduku la nyanya, na ukuta wenye jina lake. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na matokeo yake hutangazwa kuelekea mwisho wa mwaka, karibu na msimu ule ule tunaouzungumzia. Basi msichana aliyefaulu afungwe kanga mpya, apigiwe litungu, atembezwe kijiji kizima, atuzwe fedha, vitabu na sare za Kidato cha Kwanza. Na yule ambaye hakufaulu asinyimwe siku yake, kwa maana utu wa mtoto haupimwi kwa mtihani.

Pili, kwa wazee wa mila, ambao Wakurya huwaita inchama: neno lao lina uzito ambao hakuna bango linaloufikia. Wakisimama mbele ya msafara wa namna hiyo na kuubariki, watakuwa wameihifadhi mila ya kumheshimu mtoto na kukiacha kisu.

Tatu, kwa maofisa wa halmashauri: makabati ya vitabu ya shule za msingi hufungwa kwa kufuli mwezi wa Desemba, wakati ambao watoto wanavihitaji zaidi. Yafunguliwe, na vitabu viazimwe majumbani. Sheria inaelekeza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji, useremala na ufumaji vikopeshwe ili vitengeneze rafu, wanasesere wa vitambaa, mikeka na mapambo ya watoto, viuzwe katika maduka ya Tarime, Sirari, Mugumu na Nansio. Na halmashauri yenyewe iwe mnunuzi wa kwanza wa vitabu vya hadithi.

Hatusemi kwamba kitabu peke yake kitalizuia wembe. Polisi wana kazi yao, mahakama ina yake, na walimu wana yao. Lakini penye nyumba ambayo binti anajua kwamba atatuzwa kwa kusoma, ngariba hukuta nafasi yake imekwisha kukaliwa. Swali la bibi yule wa Serengeti linaulizwa katika kaya nyingi, na kila msimu litaulizwa tena. Ni wajibu wa mzazi, wa mzee wa mila na wa mtumishi wa umma kuhakikisha kwamba Desemba inapofika, jibu liko tayari mkononi mwa mtoto.