Kukata au Kutenganisha: Upasuaji wa Maumivu ya Neva ya Tisa ya Fuvu
Maumivu haya adimu huchoma kooni, nyuma ya ulimi na ndani ya sikio mgonjwa amezapo, hata mate tu. Baadhi hung'olewa meno bure. Dawa zikishindwa, hubaki upasuaji. Mwaka 1927 Walter Dandy, nchini Marekani, aliikata neva ndani ya fuvu. Mwaka 1977 Laha na Jannetta walieleza njia ya kuutenga mshipa wa damu unaoigandamiza neva kando ya shina la ubongo. Kukata, ambako aghalabu huhusisha nyuzi za juu za neva ya kumi, huweza kuacha sauti iliyokwaruza na ugumu wa kumeza. Mtafiti anashikilia kuwa mshipa ukionekana, utengwe. Neva ikatwe pale tu usipoonekana.